Ndoo Nne za Bi Sichana

Ngazi za ofisi ile ya Mji Mkongwe zilikuwa za mbao, nyembamba, zimepinda kama mkia wa samaki wa kukaanga, na Bi Sichana alikuwa anazijua kwa idadi: thelathini na moja. Miaka mitatu amezipanda. Mara ya kwanza alipanda na barua ya maombi. Mara ya pili alipanda na nakala ya barua, maana ya kwanza haikuonekana. Safari hizi za mwisho alikuwa akipanda na magoti yake tu, yanalia kama bawaba zilizokosa mafuta.

Alichokitaka hakijabadilika hata siku moja. Alitaka banda: sakafu ya saruji, nguzo na paa la bati, pale uwanjani kwao Kidundo, juu kidogo ya Mangapwani, wanapochemsha na kuanika dagaa. Basi. Hakuomba ghorofa, hakuomba bandari.

"Shikamoo, Bi Sichana," alisema Nadra, yule binti wa ofisi ya mipango aliyeshika mafaili ya vijiji vya pwani ya kaskazini. "Kaa kitako."

"Marahaba, mwanangu. Nikikaa sitainuka. Nambie nikiwa nimesimama."

Nadra alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Bi Sichana alikuwa ameishi miaka sitini na mbili, na alijua mtu anayefuta miwani safi ana neno linalomkwama.

"Fedha za mwaka huu zinatosha banda moja. Walioomba ni wawili, nyinyi na wenzenu wa Shungi. Sasa wakubwa wanauliza: tukitia fedha hapa, zitarudi? Maana fedha yenyewe nusu ni mkopo, na mkopo unalipwa kwa kodi. Tukijenga pasipoleta kitu, mwaka wa kesho hatuna cha kujengea pengine. Shungi wanaandikisha ndoo tisini kwa siku, siku za giza, mwezi usipoonekana."

"Na sisi?"

"Arubaini na moja."

Bi Sichana alishika ukingo wa meza.

"Kwa arubaini na moja banda halijilipi, Bi Sichana. Wanasema Kidundo wapewe maturubali, yawasitiri. Lakini mie sijaandika bado. Alkhamisi nnakuja kuona kwa macho yangu, na Ijumaa ripoti inafungwa."

Alishuka zile ngazi bila kuzihesabu. Akapita vichochoro vya Hurumzi, akampita muuza viungo aliyemwita "mama karibu" mara tatu, akatokea Darajani hajui amefikaje. Alinunua embe mbili, akalipa, akaziacha pale pale juu ya meza ya muuzaji. Mwenye embe alimkimbilia: "Bibi! Bibi we! Unalipa sadaka?" Akazichukua, akashukuru, na hatua kumi mbele akawa keshasahau kwamba amezishika.

Arubaini na moja. Alijua idadi ile imetoka wapi, kama mpishi anavyojua nani katia chumvi.

Miaka mitatu nyuma, ushuru ulipopandishwa kutoka shilingi mia tatu kwa ndoo hadi mia tano, wanawake wa uwanjani walilia, na yeye, mwenyekiti wao, ndiye aliyewanyamazisha. Alisimama juu ya pipa lililopinduliwa akawaambia: "Nyie! Mwenye kumi aseme nne, mwenye sita aseme mbili. Anayenyeshewa halipii paa." Wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo Silima, mkusanya ushuru, akija asubuhi na daftari lake na kile kimashine cha risiti, huwekewa kigoda, hutiliwa chai ya tangawizi na vitumbua viwili, na huandika anachoambiwa. Mtu mwenye kitumbua mdomoni haulizi mara mbili. Bi Sichana mwenyewe hununua ndoo kumi na moja. Kwenye daftari ana nne.

Kwa hiyo aliyekuwa akipanda ngazi kuomba banda, na aliyekuwa akilifukuza banda kwa fimbo, alikuwa mtu mmoja. Hebu litegue hilo.

*

Jioni ile ile aliwakusanya wenzake, wakiwa wanasugua masufuria kwa mchanga na makumbi ya nazi. Aliwaeleza yote, isipokuwa aliyotakiwa kuyaeleza kwanza, kwamba kosa lilianza kwake, akaishia na: "Basi Alkhamisi tuseme idadi zetu kama zilivyo."

Masufuria yaliendelea kukwaruzwa. Kisha Bi Ummkulthum, mkubwa wao wote, meno matatu na ulimi mzima, akasema bila kuinua kichwa:

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wote, maana kitendawili hakiachwi kikapita njia.

"Mtoto hajazaliwa, kesha kudaiwa maziwa."

"Bi harusi," alisema mmoja.

"Wapi!"

"Mkopo wa pikipiki," alisema Badria, mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti iliyokuwa ikifika kwenye mashua kabla ya mashua kufika pwani.

"Hamjui. Nipeni mji."

"Chukua Mkokotoni."

"Mkokotoni nimekwenda, nimekula pweza wa nazi mpaka nikafungua mkaja, nikapangiwa kitanda cha besera, nikapepewa. Nyinyi nimekuacheni na masizi yenu. Jawabu: banda la Sichana. Halijaota hata nguzo, lishataka ushuru."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Bi Sichana hakucheka.

"Na kama mama hajala, huyo mtoto atazaliwa vipi?" aliuliza. "Serikali itoe wapi?"

"Ah, leo unaiuliza pochi ya serikali!" Badria akajishika kiuno. "Si weye uliyesimama juu ya pipa? 'Anayenyeshewa halipii paa.' Maneno yako hayo, shoga yangu. Mie nimeyahifadhi kama dua ya safari."

"Nilikosea."

"Ulikosea kwa ndoo zangu kumi na nne? Nikizisema zote, kila siku natoa elfu saba, na mvua inaninyeshea vile vile. Walete banda kwanza. Nikikaa kivulini nikakauka, hapo nitataja mpaka ndoo niliyoota."

"Wao wanasema lipeni kwanza, na sisi tunasema jengeni kwanza. Tutazeeka tunasema."

"Wewe ushazeeka tayari," alisema Badria, na hapo tena kicheko kikawa cha upatanisho, kila mtu akabeba sufuria lake, neno likabaki pale mchangani halina mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Alkhamisi usingizi haukumjia. Alfajiri alikuwa pwani kabla ya mashua.

*

Dagaa walikuwa wengi siku ile. Wametiwa mashuani mpaka juu ya mbao za kukalia, wanang'ara kama vijiko. Bi Sichana alinunua ndoo zake kumi na moja, na njia nzima ya kupanda uwanjani alikuwa akijisemesha: kumi na moja, sema kumi na moja, Sichana, neno lenyewe fupi.

Silima alikuwa keshakaa kwenye kigoda. Kijana wa miaka arubaini, mpole, mwenye kalamu sikioni.

"Bi Sichana. Nne kama kawaida?"

Nyuma yake walikuwapo wanawake kumi na saba, macho yamemganda mgongoni.

"Nne," alisema.

Akaondoka haraka kuelekea jikoni, akashika mwiko, akakoroga pipa ambalo halikuhitaji kukorogwa, akaongeza chumvi, akaonja, akatema. Akakoroga tena. Moshi ulimpa kisingizio cha macho.

Ilipofika saa nne dagaa wote walikuwa wameshachemshwa na kutandazwa juu ya nyavu, uwanja mzima mweupe, kila mtu na nyavu zake, kila nyavu na kitambaa chake kwenye pembe: Badria chekundu, Bi Ummkulthum kipande cha kanga ya zamani, Bi Sichana kijani. Na saa hiyo hiyo Nadra akashuka kwenye gari, viatu vyake vya mjini vikazama mchangani mpaka kwenye kifundo.

Walimweka barazani kwa madrasa, mkabala na uwanja, maana ndipo palipokuwa na kivuli na sakafu. Alitoa karatasi. Silima akampa daftari. Nadra akasoma, akatazama uwanja, akasoma tena. Bi Sichana alisimama, akakaa, akasimama.

"Leo ni ndoo arubaini na tatu," alisema Nadra taratibu.

"Naam," alisema Silima.

"Uwanja wote ule?"

"Tunatandaza kwa nafasi," alisema Badria. "Dagaa wa huku hawapendi kubanwa."

Tone la kwanza, lililoletwa na upepo, lilimpiga Nadra kwenye karatasi. La pili likapiga bati. Halafu hakukuwa na la tatu, mbingu ilimwagika kama mtu kakata kamba.

Kidundo kuna ada moja ambayo haikuandikwa na haivunjwi: mvua ikishuka, hakuna dagaa wa fulani. Unaanua aliye karibu nawe, awe wako, awe wa uliyegombana naye jana. Baraza likabaki tupu. Wanawake walikimbia wamejifunga kanga viunoni, wakakunja nyavu, wakazivuta. Silima aliacha daftari akakimbia. Nadra naye alivua viatu akakimbia, akashika pembe ya nyavu ya mtu asiyemjua.

Lakini nyavu hazikutosha. Nyengine zilikuwa nzito hazibebeki, maji yanachuruzika, dagaa wanaponyoka kwa chini kurudi mchangani. Bi Sichana alifika wa kwanza mlangoni mwa chumba cha madrasa, akapiga kelele:

"Mwageni humu! Mwageni tu, mrudi na nyavu tupu!"

"Sichana, chumba cha chuo hiki!"

"Mwageni!"

Ustadh Tahir, mwalimu wa chuo, alikuwa mlangoni na juzuu zake kifuani. Alitazama uwanja, akatazama wanawake, akajisogeza ukutani. "Mwageni," alisema. "Lakini kesho mtaosha kwa sabuni, na si mara moja."

Wakamwaga. Nyavu baada ya nyavu, kitambaa chekundu, kijani, kanga ya zamani, wakakimbia, wakarudi, wakamwaga. Aliyemwaga wa Badria hakuwa Badria, na aliyemwaga wa Bi Sichana alikuwa Nadra. Robo saa ilitosha. Robo ya dagaa ilikwenda na maji, na waliosalia walilala kwenye chumba kile rundo moja, ukuta kwa ukuta, likifika magotini, linatoa mvuke.

Wakasimama mlangoni wanahema.

"Alhamdulillahi," alisema mtu.

Ndipo Nadra, maji yanamtiririka puani, miwani imefunga ukungu, akauliza swali ambalo kila mtoto angeuliza: "Sasa mtajuaje wa nani ni wepi?"

Mvua ilijibu juu ya bati.

"Rahisi," alisema Silima. Alikuwa amefurahi kupata la kufanya. Alikwenda barazani akarudi na daftari, limelowa pembe. "Dagaa walikuwa ndio kwanza wametoka jikoni, hawajasinyaa. Tunapima kwa ndoo, kila mtu tunampa kwa daftari. Bi Badria tatu. Bi Ummkulthum mbili. Bi Sichana nne..."

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akalitazama rundo. Akalitazama daftari. Hata mtu asiyejua kujumlisha angeona: ukitoa ndoo arubaini na tatu pale, hujaanza kutoa.

"Na hawa watakaobaki?" aliuliza Nadra.

Badria alimsogelea Bi Sichana, akamvuta kanga. "Kubali nne," alinong'ona. "Wote tukubali. Achukue karatasi yake aende zake mjini, tugawane sawasawa mvua ikikatika. Watakaobaki tuseme wa jana."

Na ilikuwa inawezekana. Hapo ndipo palipomchoma Bi Sichana: ilikuwa inawezekana kabisa, na ilikuwa nyepesi. Angesema nne. Nadra angeandika arubaini na tatu. Dagaa wangepata wenyewe kabla ya adhuhuri, kila mtu haki yake. Na banda lingekwenda Shungi, na mwakani mvua ingewakuta pale pale, wanakimbiza nyavu, Ustadh akiwa na subira au akiwa hana.

Akiitaja kumi na moja, wenzake wote watavuliwa nguo pamoja naye. Hawakumpa ruhusa hiyo.

Aliingia chumbani, akakanyaga pembeni ya rundo.

"Silima," alisema. "Mie sina nne."

"Sichana!" alisema Badria.

"Nina kumi na moja. Leo kumi na moja, jana kumi na moja, giza lililopita kumi na mbili. Na si Silima aliyeiba, wala hawa. Mie ndiye niliyewafunza, nimesimama juu ya pipa. Nadra mwanangu, miaka mitatu napanda ngazi zenu kuomba paa, na miaka mitatu nakwambia hapa hapana kitu cha kufunika. Andika."

Nadra hakuandika. Alikuwa anamtazama.

"Sita," ilisema sauti ya Bi Ummkulthum kutoka nyuma. "Mie nina sita. Nipe sita zangu, nina wajukuu."

Basi mmoja akishasema, mwengine atanyamaza vipi? Anayenyamaza na mbili za daftari anarudi nyumbani na mbili, na nne zake zinakwenda kwa mwenzake. Tisa. Saba. Nane. Kumi. Silima alikuwa akiandika upande wa pili wa ukurasa, masikio yamemwiva, asiinue uso, maana kila idadi ilikuwa na vitumbua vyake ndani.

Akabaki Badria. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama mvua kana kwamba ndiyo aliyogombana nayo. Walimsubiri.

"Kumi na nne!" aliunguruma. "Kumi na nne, na atakayecheka nitamtia ndani ya pipa!"

Hakuna aliyecheka mpaka Bi Ummkulthum alipokohoa, na kikohozi chake kilikuwa na meno yote matatu.

Jumla ikawa mia moja na arubaini na nane. Walipolipima rundo, kwa kila ndoo nne za kweli mtu alipata tatu, zilizobaki zimekwenda na maji. Bi Sichana alipata nane na kidogo.

"Na ushuru?" aliuliza Badria. "Tutalipia na waliorudi baharini?"

"Sheria inasema ndoo iliyopanda kutoka pwani," alisema Nadra. Hakulisema kwa raha.

"Sheria hiyo ilitungwa na mtu mkavu."

"Ndiyo, Bi Badria. Nitaliandika na hilo."

Bi Sichana alimvuta Nadra pembeni, chini ya mchirizi wa bati. "Nambie bila kufuta miwani. Banda litakuja?"

"Sijui. Naandika mia na arubaini na nane, na naandika niliyoyaona. Huenda wakasema sakafu mwaka huu, paa mwaka wa pili. Ushuru lakini unaanza leo, haungoji."

"Na miaka mitatu ya nyuma?"

"Hiyo si ya ofisi yangu. Mwenye ofisi yake anaweza akauliza."

"Na wenzetu wa Shungi. Wale tisini yao ni kweli, au nao wana yao mia mbili?"

Nadra alitazama viatu vyake vya mjini, vimelala barazani vimejaa maji.

"Shungi mie sikuwahi kunyeshewa, Bi Sichana," alisema.

Akaokota viatu, akaenda garini miguu mitupu, karatasi amezificha kifuani.

Wanawake walikuwa wamepanga mstari mbele ya Silima, wananung'unika, wanafungua mafundo ya kanga. Waliokuwa nyuma ya Bi Sichana walikuwa wakimtupia maneno, mengine ya utani, mengine si ya utani, naye aliyasikia yote. Alipofika mbele alitoa noti zake, akangoja. Kimashine kililia, kikatoa ulimi wa karatasi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na nambari alikuwa akizisoma vizuri. Alisoma, akairudisha.

"Silima. Umetoa ya ndoo nne."

"Yaillahi." Silima alijipiga kipaji. "Mkono umezoea, Bi Sichana. Nisamehe. Na haifutiki hii, ikishatoka imetoka, mpaka wafute wenyewe mjini."

Nje mvua ilikuwa ikipungua, na mawingu mengine yalikuwa yakipanda kutoka upande wa Tumbatu. Bi Sichana aliitazama karatasi ile, akaikunja, akaifunga kwenye pembe ya kanga.

"Basi usifute," alisema. "Nitolee na ya zile saba."